Upole wa Kuku wa Hariri

Mvua za masika zinapoanza kunyesha hapa Morogoro, kuku wa kienyeji hukimbilia barazani au chini ya mapaa, wakakaa hapo wakijikung'uta mpaka mawingu yapite. Kuku wetu wa hariri hawafanyi hivyo. Husimama palepale mvua ilipowakuta, vichwa vimeinama, maji yakiwapenya hadi kwenye ngozi, kana kwamba wanangoja kuambiwa kuwa hii ni mvua. Hapo ndipo watu wa nyumbani wanapotoka na matambara makavu na kuwaokota mmoja mmoja, kama mtu anayeanua nguo kwenye kamba. Hakuna anayekimbia wala anayelia. Mgeni aonaye jambo hilo kwa mara ya kwanza hakosi kusema: "Jamani, kuku wapole namna gani hawa!"

Nimeishi na kuku hawa kwa muda wa miaka sita, na katika miaka ya mwanzo nami nilikuwa nikisema vivyo hivyo. Baadaye niliingiwa na shaka. Mpole, kwa jinsi tulitumiavyo neno hilo, ni yule awezaye kukasirika lakini asikasirike, awezaye kukimbia lakini akabaki. Je, kuku asimamaye mvuani ni mpole, au haoni pa kukimbilia? Katika makala haya nitaeleza mambo ambayo wataalamu wamekwisha kuyagundua juu ya ndege huyu, pamoja na machache niliyojionea mwenyewe uani. Msomaji atapima.

Kuku wa hariri, ambaye Waingereza humwita Silkie, hufugwa kwa mapambo. Hana nyama nyingi, na tetea wake hutaga kiasi cha mayai mia moja tu kwa mwaka, tena madogo. Kwa kipimo cha Wamarekani jogoo hupaswa kuwa na uzito wa kilo moja hivi, na tetea pungufu kidogo ya hapo. Waingereza hupendelea wakubwa zaidi. Kichwani ana shungi la manyoya limfunikalo kama kofia ya pamba. Miguu yake ina manyoya mpaka vidoleni, na vidole vyenyewe ni vitano kwa kila mguu, ilhali kuku wengi wana vinne. Ndewe za masikio yake zina rangi ya samawati, na uso wake una rangi ya zambarau iliyoiva. Chini ya manyoya, yawe meupe, ya kijivu au ya rangi ya udongo, ngozi ni nyeusi, na hata mifupa imefunikwa na utando mweusi.

Asili yake ni bara la Asia, na habari zake za kale zaidi zinatoka China. Marco Polo, aliyesimulia safari zake akiwa kifungoni mjini Genoa mwaka 1298, alitaja kuku weusi wa China wenye nywele kama za paka. Mwaka 1600 mwanachuoni Ulisse Aldrovandi wa Bologna naye aliandika habari za kuku wenye sufu badala ya manyoya. Wachina wenyewe walikuwa wakimjua zamani kwa kazi nyingine: Li Shizhen, tabibu aliyemaliza kitabu chake kikubwa cha dawa mwaka 1578, alimtaja kuku mwenye mifupa myeusi miongoni mwa dawa za wanawake. Wamarekani walipochapisha orodha yao ya kwanza ya aina za kuku za maonyesho mwaka 1874, kuku wa hariri alikuwamo. Husimuliwa pia kwamba huko Ulaya wachuuzi waliwahi kumwuza kwa kudai kuwa ni mtoto wa sungura na kuku. Tusiwacheke sana walionunua, kwani mtu akimshika kuku huyu gizani, mkono wake utamwambia kuwa kashika sungura.

Kwa nini mkono udanganyike? Tuchukue unyoya wa bawa la kuku wa kawaida. Katikati kuna uti, na kutoka kwenye uti huo zimetoka nyuzi nyingi pande zote mbili. Kila uzi nao una vijinyuzi vyake vidogo sana, ambavyo vina vikulabu vya kushikana na vijinyuzi vya uzi wa jirani. Vikulabu hivyo ndivyo viufanyavyo unyoya uwe bapa, ushike upepo na kuyatelezesha maji. Ukiupasua unyoya kwa kidole kisha ukaupapasa kuelekea nchani, utauona ukijiunga tena kama vile haujaguswa. Katika unyoya wa kuku wa hariri vikulabu havishikani. Nyuzi zote huning'inia kila moja peke yake, kama malaika ya kifaranga ambaye hakukua. Mwaka 2014 watafiti walionyesha kwamba chanzo ni badiliko la herufi moja tu katika maandishi ya chembe za urithi, karibu na chembe iitwayo PDSS2. Badiliko hilo hufichika: kifaranga hulazimika kulipata kwa baba na kwa mama ndipo awe na manyoya ya hariri. Akilipata upande mmoja tu, manyoya yake yatakuwa kama ya kuku mwingine yeyote.

Herufi moja, lakini matokeo yake ni mengi. Kuku huyu hawezi kuruka. Bawa lake huchota hewa kama chujio lichotavyo maji. Hawezi kupanda juu ya fito za kulalia ambazo kuku wengine huzirukia jioni. Mvua humlowesha mpaka mwilini, naye aliye na joto la nyuzi 41 hivi huanza kutetemeka upesi. Basi kitu cha kwanza tukiitacho upole ni hiki: hatoroki kwa sababu hana chombo cha kutorokea. Kuku wa kienyeji anayejua kwamba ukuta ni wa kuruka ana uhuru wa kukukataa. Huyu hana.

Weusi wa ngozi yake ni habari nyingine, nami ningeipita haraka kama isingekuwa mambo yaliyonipata kwa ajili yake. Siku tulipomchinja jogoo mmoja aliyezidi, bibi jirani aliyekuja kusaidia kunyonyoa alikitupa kisu chini. "Baba Neema, huyu kuku si wa kawaida," alisema, na hakurudi jikoni mwetu kwa wiki mbili. Kabla ya mwezi kwisha mtu nisiyemjua alikuja kuniuliza kama ningeweza kumwuzia kuku "mweupe nje, mweusi ndani", kwa bei ambayo hakuna mlaji wa kawaida angeitoa. Sikumwuliza ni kwa kazi gani. Nchi hii kila mtu anajua ni nani hutafuta kuku kwa rangi yake.

Ukweli ni kwamba weusi huo umechunguzwa kwa zaidi ya miaka mia moja. William Bateson na Reginald Punnett huko Cambridge waliwazalisha kuku wa hariri pamoja na kuku wa Leghorn wa kahawia, wakatoa taarifa yao mwaka 1911. Waliona jambo la kushangaza: jogoo wa hariri akipandishwa kwa tetea wa Leghorn, watoto wa kike huwa weusi kabisa wa ngozi na wa kiume hupata weusi kidogo tu, lakini tetea wa hariri akipandishwa kwa jogoo wa Leghorn, watoto wote, wa kike na wa kiume, hupata weusi kidogo. Sababu ni kwamba Leghorn ana chembe ya urithi izuiayo weusi, nayo inakaa kwenye kromosomu ya jinsia, ambayo kwa ndege binti huirithi kutoka kwa baba peke yake. Mwaka 2011 ndipo kiini chenyewe kilipofahamika. Sehemu ya kromosomu ya ishirini, yenye chembe iitwayo EDN3, imejirudia mara mbili. Chembe hiyo huziita na kuzizidisha seli zitengenezazo rangi wakati kifaranga angali ndani ya yai, hata zikaenea mahali zisipopaswa kufika. Badiliko hilohilo limeonekana kwa kuku weusi wa Indonesia waitwao Ayam Cemani na kwa Svarthöna wa Sweden. Nilimweleza bibi jirani habari hizi kwa lugha nyepesi. Alisikiliza vizuri, akasema amenielewa, na nyama hakuila.

Tuache mwili, tuje kwenye tabia.

Kuku wote wa nyumbani, wawe kuchi warefu, kishingo, kidimu wenye manyoya yaliyopinda, au hawa wa hariri, ni uzao wa kuku-mwitu wekundu wa misitu ya Kusini-Mashariki ya Asia. Kuku-mwitu humwogopa mtu kupita kiasi. Katika Chuo Kikuu cha Linköping, Sweden, Per Jensen na wenzake waliwatenga kuku-mwitu wekundu kwa kigezo kimoja tu, yaani kiasi cha woga waliokuwa nao mbele ya mtu. Wenye woga mdogo walizalishwa kwa wenye woga mdogo, na wenye woga mwingi kwa wenzao. Baada ya vizazi kadhaa, ukoo wa woga mdogo ulikuwa na miili mikubwa zaidi, mayai makubwa zaidi, na ubongo mdogo zaidi ukilinganishwa na uzito wa mwili. Hakuna aliyewachagua kwa mambo hayo. Yalikuja yenyewe nyuma ya upole. Basi ni haki kusema kwamba upo upole wa kweli katika damu ya kuku, uliotokana na watu kuwaacha hai wale waliokubali kushikwa. Kuku wa hariri, ambaye kwa karne nyingi amekuwa wa kutazamwa na kupakatwa, bila shaka anao fungu lake. Vifaranga vyetu, kabla shungi halijaota, huja mkononi kuliko vya kienyeji. Hilo silikanushi.

Lakini kutulia mkononi kuna mlango mwingine. Watoto wangu walikuwa na mchezo wa kumlaza kuku chali, kumshika kifua kwa muda mfupi, kisha kumwachia taratibu. Kuku hubaki amelala vile vile, macho wazi, dakika moja, mbili, hata zaidi. Watoto walisema "amesinzia kwa raha". Mwaka 1646 padre Athanasius Kircher alikwisha kulieleza jambo hilo katika kitabu. Yeye alimfunga kuku miguu, akamlaza, akachora mstari wa chokaa mbele ya macho yake, kisha akamfungua, kuku hakuondoka. Kircher alidhani kuku anauona mstari na kuufikiria kuwa ni kamba ingali imemfunga. Baadaye ilijulikana kwamba mstari hauhitajiki. Katika miaka ya 1970 Gordon Gallup wa Marekani alionyesha kwamba muda wa kulala huko huongezeka kuku akitishwa kwanza, au akiwekewa mbele yake mwewe aliyekaushwa. Huo si usingizi wala raha. Ni kinga ya mwisho ya mnyama aliyekamatwa: asipofurukuta, huenda mshikaji akalegeza kucha. Wachunguzi wa mifugo hutumia muda huo kama kipimo cha woga. Kadiri kuku anavyochelewa kuinuka, ndivyo alivyokuwa ameogopa zaidi.

Nilipowaeleza watoto, mchezo ulikoma siku hiyohiyo. Mimi mwenyewe nilikumbuka kuku wangapi niliowapakata mbele ya wageni wakiwa wametulia tuli, macho yametoka, nikajivunia kuwa wamenizoea.

Tetea mmoja tunamwita Pamba. Huyu ndiye aliyenifunza zaidi, na kwanza kwa njia ya kuatamia. Kuku wa hariri anasifika duniani kote kwa kupenda kuatamia. Uingereza wafugaji wa kwale na ndege wengine wa thamani wamewatumia kwa muda mrefu kuwa mama wa kulea, hasa wale waliochanganywa na aina nyingine. Kuku wa Leghorn wa kisasa, kwa upande mwingine, amechaguliwa kwa mayai mpaka akasahau kabisa kuatamia. Tofauti yao imo katika homoni iitwayo prolaktini, itokayo kwenye tezi iliyo chini ya ubongo. Tetea akishayagusa mayai kwa ngozi ya tumbo, mguso huo hupeleka habari ubongoni, prolaktini huzidi, utagaji hukoma, naye huwa mtu mwingine: hujivimbisha, hunguruma, hugandamana na kiota. Mwondoe mayai, na baada ya siku chache homoni hushuka. Angalau ndivyo vitabu visemavyo. Pamba tulimwondolea mayai, akaatamia mawe mawili na gunzi la hindi.

Wakati huo ndipo anapokuwa "mpole" kupita siku zote. Humwinua, humweka, ukimweka chini ya jua hubaki palepale amejikunja, kama mkate uliosahaulika. Nilimpima kwa mizani ya jikoni siku alipoanza, akawa na gramu 920. Wiki tatu baadaye alikuwa na 780, na chakula kilikuwa hatua mbili kutoka kwenye kiota. Nilidhani ni mgonjwa. Kumbe jambo hili lilichunguzwa Kanada, na matokeo kuchapishwa mwaka 1980 na David Sherry, Nicholas Mrosovsky na Jerry Hogan. Tetea wa kuku-mwitu waliokuwa wakiatamia walipungua uzito hata chakula kilipowekwa kando ya kiota. Waliponyimwa chakula kabisa kwa siku kadhaa, kisha wakapewa, walikula mpaka wakafikia uzito uliowastahili siku ile ya kuatamia, wala si ule waliokuwa nao mwanzoni. Yaani mwili wenyewe ulikuwa umeshusha kiwango chake siku hadi siku. Mama huyu hakuwa anajinyima. Njaa ilikuwa imeondolewa kwake, kwa kuwa mayai yaliyoachwa hupoa.

Kwa kuku-mwitu anayeatamia mara moja au mbili kwa mwaka, mpango huu ni mzuri. Kwa kuku wa hariri, ambaye huweza kurudia kuatamia mara nyingi na pengine juu ya mawe, ni hatari ya kweli. Mfugaji hapana budi amtoe kiotani kila siku kwa mkono, ampe maji na chakula, na kama hana mayai ya kumpa, amweke siku chache katika tundu la waya lililoinuliwa, ili hewa ipite chini ya tumbo lake.

Sisi tulimpa mayai ya kanga. Siku ishirini na moja zilipita, ambazo ni siku za kuku, Pamba hakushtuka. Mayai yaliangua siku ya ishirini na saba. Aliwalea kanga wale kwa bidii ya ajabu, akiwaita kwenye mchwa, akiwafunika usiku. Walipoanza kuota mabawa walirukia ukuta wa uani, naye akabaki chini akizunguka na kuwaita, shungi limemwangukia usoni, akielekea upande ambao hawakuwako. Hapo ndipo nilipoanza kulitazama shungi lile kwa jicho jingine.

Jicho la kuku ni chombo cha ajabu. Yamekaa ubavuni mwa kichwa, na kwa pamoja huona karibu nyuzi 300 za duara. Huona rangi kuliko sisi, hata mwanga wa urujuani usioonekana na binadamu. Tena hugawana kazi: Lesley Rogers wa Australia ameonyesha kwa miaka mingi kwamba kifaranga hutumia zaidi jicho la kulia kutenga nafaka na changarawe, na la kushoto kumwangalia adui. Ndiyo maana kuku ainuapo kichwa kutazama angani hukiinamisha upande mmoja. Sasa mtu amfunike ndege wa namna hiyo kwa shungi zito kutoka juu na pembeni, amwachie kitundu kidogo cha kutazamia chini mbele ya mdomo. Huyo ndiye kuku wa maonyesho. Kadiri shungi lilivyo kubwa na duara, ndivyo apatavyo zawadi.

Chini ya shungi kuna jambo jingine linalopaswa kujulikana na kila amfugaye. Baadhi ya kuku wa hariri, kama kuku wengine wengi wenye shungi kubwa, wana fuu la kichwa lililovimba juu kama kichuguu, na mfupa wake haukuziba vizuri. Charles Darwin alieleza mafuvu yenye matundu ya namna hiyo kwa kuku wa Poland katika kitabu chake cha mwaka 1868. Pigo dogo hapo hufika kwenye ubongo. Tetea wetu mmoja alidonolewa na kuku wa kienyeji mara moja tu. Kwa siku nne alitembea kinyumenyume akiwa amepinda shingo, na siku ya tano alikufa. Thorleif Schjelderup-Ebbe wa Norway, aliyeeleza mwaka 1922 kwamba kila kundi la kuku lina ngazi ya wadonoaji na wadonolewaji, angetambua mara moja mahali pa kuku wa hariri katika ngazi hiyo: chini kabisa. Asiyemwona ajaye hawezi kumpisha wala kumkabili. Kwa hiyo nasema bila kusita kwamba si vema kuwachanganya na kuku wa kienyeji katika banda moja, hasa kuchi.

Lililonifanya nichukue mkasi lilitokea mwezi wa Agosti. Kuku wa hariri na wa kienyeji walikuwa nje pamoja mchana. Jogoo wa jirani alitoa ule mlio mwembamba mrefu ambao kila mfugaji anaujua. Christopher Evans, Linda Evans na Peter Marler walionyesha mwaka 1993 kwamba jogoo ana milio miwili tofauti ya hatari, mmoja wa adui wa angani na mwingine wa adui wa nchi kavu, na kwamba tetea wanaousikia ule wa angani huchutama au hukimbilia kifichoni na kutazama juu, hata kama hawajamwona adui. Siku ile ilikuwa hivyo. Kuku wa kienyeji walitoweka chini ya migomba. Wa hariri nao walisikia, maana walichutama. Lakini walichutama katikati ya uwanja, weupe juu ya udongo mwekundu. Mwewe hakuwa na haraka.

Jumapili iliyofuata nilipunguza shungi la Pamba na la mwenzake mmoja, nikiacha la tetea wa tatu kama lilivyo. Unyoya uliokomaa hauna damu wala hauumi ukikatwa, kama ukucha. Lakini ule unaochipua, wenye shina la rangi ya bluu, usiguswe. Kwanza kulikuwa na ugomvi nisioutazamia. Wenzake Pamba walimvamia kama mgeni. Niliposoma nilikuta kwamba A. M. Guhl na L. L. Ortman walikwisha kuonyesha mwaka 1953, kwa kubadili sura za kuku, kwamba wao hutambuana zaidi kwa kichwa na shingo. Kwa wenzake Pamba, aliyerudi bandani hakuwa Pamba. Baada ya siku tatu walitulia.

Kisha tabia ikabadilika. Zamani niliweza kumfikia hatua moja kabla hajainua kichwa, kisha akishikwa alishtuka mwili mzima, ndipo akatulia. Sasa aliniona nikiwa mlangoni. Alianza kufuata panzi. Mvua ilipokuja alitembea, bila haraka, hadi barazani. Na alianza kukataa kushikwa na watu asiowajua. Watoto wa jirani walipomkimbilia alipita katikati yao. Mkono wa mgeni ulipomjia aliudonoa. Kwangu na kwa binti yangu alikuja mwenyewe, akapanda mapajani, akakaa. Mwenzake aliyepunguzwa alikuwa hivyohivyo, ila hakupenda mapaja ya mtu yeyote. Yule wa tatu aliendelea kuwa "mpole".

Kuku watatu si uthibitisho, na mtu mwenye kundi kubwa angeweza kulipima jambo hili vizuri zaidi kuliko mimi. Iko pia tofauti ya kuku na kuku. Nimemjua jogoo wa hariri aliyeona vizuri na kumrukia kila mwenye kanzu. Lakini niliyoyaona yametosha kunibadili katika malezi. Fito za kulalia nimeziweka kiganja kimoja tu kutoka chini. Wavu umefunika uwanja wao wote. Chanjo ya kideri hupewa kila baada ya miezi mitatu kwa tone la jicho, na kwa kuku wa hariri ni lazima kwanza ulitafute jicho lenyewe.

Wa kwanza kunilalamikia walikuwa watoto. Walisema nimemharibu Pamba, amekuwa mkali, hataki tena kuvalishwa kitambaa na kusukumwa ndani ya gari la boksi. Binti yangu alinuna siku nzima. Sikuwa na la kumjibu, kwani shungi halirudi mpaka manyoya yapukutike.

Yalipukutika mwezi wa Machi. Kufikia mwisho wa masika Pamba alikuwa na shungi jipya, jeupe, zuri kuliko la kwanza, na alikuwa akisimama tena mvuani. Jioni moja nikiwa barazani binti yangu alimleta akiwa amelowa, amemfunga ndani ya khanga ya mama yake. Alimkausha, akamgeuza upande wa taa, akamtazama usoni kwa muda. Kisha akauliza mkasi umewekwa wapi.